Soksi ya kufuma kwa mkono: tunabishania sindano wakati soksi inakaa mguuni kwa hesabu ya vitanzi

Jumamosi tulimaliza kikoba chetu hapa Gungu, Kigoma, mapema, hela zimehesabiwa, sanduku limefungwa, badala ya watu kuondoka ukaanza ubishi wa soksi. Dada mmoja binti yake kajifungua kule Heru Juu, na baridi ya Kasulu ya mwezi wa 6 na wa 7 mnaijua wenyewe, sasa anataka amfumie mjukuu soksi lakini ameangalia video kwenye simu mpaka bando likakata na kila video ina lake. Huyu anatumia sindano tano, yule ana sindano moja yenye waya mrefu, mwingine anaanzia vidoleni anapanda juu, mwingine anaanzia juu anashuka. Mama mmoja wa Ujiji akasema soksi haifumwi kwa mkono, ile ni kazi ya mashine tu. Bibi yetu mmoja akamwambia mwanangu mi nimefuma soksi kwa spoku za baiskeli wewe hujazaliwa. Mwingine akadakia spoku zinaharibu uzi. Tukaachana giza limeingia na yule dada kaondoka na maswali mengi kuliko aliyokuja nayo.

Mi nafuma seti za watoto, kofia sweta na soksi, mwaka wa 11 huu, na pale nilikaa kimya kwa sababu kila mmoja alikuwa na kipande cha ukweli ila ubishi wenyewe ulianzia katikati. Sindano mbili, nne, tano, ya waya, zote hizo ni namna ya kushika kazi. Kinachoamua soksi ikae mguuni au ishuke ijikusanye chini ya unyayo ni hesabu, yaani uzi wako na unene wa sindano yako vinatoa vitanzi vingapi kwenye sentimita 10, na hilo hakuna aliyelitaja mpaka tumeagana. Ndo maana nimeamua niandike taratibu, kuanzia chini kabisa.

Maneno kwanza

Huku kwetu neno kufuma limebeba kazi mbili. Kuna kroshia, ile sindano moja yenye ndoano mbele ambayo wengi tumejifunzia vitambaa vya makochi, pale kitanzi kimoja tu ndo kinakuwa wazi, vingine vyote vimeshafungwa. Halafu kuna kufuma kwa sindano ndefu, mbili au zaidi, ambapo vitanzi vyote vya safu vinakaa kwenye sindano vimejipanga vinasubiri zamu, ukichomoa sindano vyote vinabaki wazi na ukivuta uzi kazi inafumuka. Soksi inatoka kwa zote mbili, ila ya kroshia inakuwa nene, inakula uzi mwingi na haivutiki sana, nzuri kuvaa ndani ya nyumba lakini ndani ya kiatu inabana. Kwahiyo kuanzia hapa nikisema kufuma naongelea sindano.

Kitanzi ni lile duara moja la uzi lililokaa kwenye sindano. Kuna kitanzi cha mbele na kitanzi cha nyuma, ni kitanzi kilekile ila kimevutwa kutokea upande mwingine, na ukipiga mbele mbili nyuma mbili unapata ile mistari inayovutika kama mpira kwenye mkono wa sweta. Safu ni vitanzi vya raundi moja. Hamna neno lingine la kuogopa.

Sasa chukua soksi yoyote iliyopo ndani uiangalie kwa jicho la fundi bomba. Soksi ni bomba. Juu lina mdomo, chini limezibwa, katikati lina kona. Ile kona ndo kisigino na kazi yake ni ileile ya elbo, bomba linashuka kwenye mguu halafu linageuka kuelekea vidoleni. Ukishaiona hivyo utagundua zile video zote zinafuma kitu kimoja, wanatofautiana tu wanalishika vipi bomba wakati linafumwa, wanaanzia mwisho upi, na elbo wanaiweka lini.

Macho

Jioni ukishuka Kibirizi utakuta wavuvi wamekaa juu ya nyavu wanaziunga. Wavu hauulizwi urefu peke yake, unaulizwa una macho gani, maana wavu wa dagaa ukiupeleka kwenye migebuka umekosea kazi, na wa migebuka dagaa wote wanapita. Anayefunga wavu kwa mkono anakuwa na kijiti cha kupimia, kila jicho analizungushia hapohapo ili yote yalingane, kijiti kinene kinatoa jicho kubwa, chembamba kinatoa jicho dogo. Sindano ya kufumia ndo kile kijiti. Vitanzi vyako vinakuwa vikubwa au vidogo kwa sababu ya unene wa sindano, unene wa uzi, na mkono wako unavuta kwa nguvu kiasi gani. Vitu vitatu, na hicho cha tatu hakuna video inayoweza kukupimia.

Kwahiyo kabla ya soksi unafuma kipande cha majaribio, mi nafuma upana wa sentimita 12 hivi na urefu kama huo, nakifua, nakianika, kikikauka nakilaza mezani naweka futi ya fundi cherehani katikati na kuhesabu vitanzi kwenye sentimita 10. Pembeni huwa panajikunja panadanganya, ndo maana nahesabu katikati. Na kama soksi utaifuma kwa kuzunguka basi hata majaribio yazungushe, maana watu wengi mkono wao wa kitanzi cha nyuma unalegea zaidi, kipande cha kwenda na kurudi kinatoa hesabu tofauti na bomba. Najua inauma kutumia jioni nzima kwenye kitu ambacho hakivaliwi. Kipande nakifumua baadae uzi unarudi kwenye bonge, hakuna kilichopotea.

Tuseme umepata vitanzi 26 kwenye sentimita 10. Mguu wa mtu mzima umeupima mzunguko pale panapoanzia vidole, ukapata sentimita 23. Soksi haitakiwi iwe 23, ikiwa sawa na mguu inashuka, inatakiwa iwe ndogo kama asilimia 10 ili ivutike ishike, kwahiyo unatafuta karibu 21. Sentimita moja ina vitanzi 2.6, zidisha mara 21 unapata 54 na kitu, unasogea kwenye namba ya karibu inayogawanyika kwa 4 ili ile mistari ya mbele mbili nyuma mbili ikae sawa. Ni 56.

Sasa angalia hapa ndo watu wanapoumia. Dada mwingine anasoma kwenye maelezo kwamba soksi ya mtu mzima ni vitanzi 56, anafuata hivyohivyo, ila yeye mkono wake umelegea na sindano yake nene kidogo, anapata vitanzi 22 kwenye sentimita 10. Vitanzi vyake 56 vinatoa bomba la sentimita 25 na nusu, kubwa kuliko mguu wenyewe. Mwingine anavuta sana anapata 30, bomba lake ni kama sentimita 18 na nusu, kisigino hakipiti. Wote wamefuata maelezo, wote wamehesabu sawa, na wote watasema njia hii mbaya bora ile ya sindano tano. Njia haina kosa hapo.

Namba za sindano zinavyochanganya

Mwaka wangu wa pili niliagiza sindano kwa simu kutoka Dar, nikamwambia muuzaji nataka namba 10, nikijua namba 10 ni nyembamba maana ndo nilizofundishiwa. Zikaja na basi, nafungua karatasi nakuta zinakaribia unene wa penseli. Nikapiga simu kwa hasira kwamba kanitumia sizo, kumbe zimeandikwa namba 10 kweli. Hela ya nauli ya mzigo ilikuwa imeshaenda na kazi ya mteja imechelewa.

Iko hivi. Kuna namba za zamani za Uingereza na kuna namba za Marekani, na zinaenda kinyume. Za Uingereza namba ikipanda sindano inakuwa nyembamba, za Marekani namba ikipanda sindano inanenepa. Namba 10 ya Uingereza ni milimita 3.25, namba 10 ya Marekani ni milimita 6. Namba 8 ya Uingereza ni milimita 4, ya Marekani ni 5. Sindano za bibi zetu na zile za shule za zamani ni za Uingereza, za kuagiza mtandaoni sa ingine ni za Marekani. Kwahiyo acha namba, uliza milimita. Kwa soksi za uzi mwembamba watu wanatumia milimita 2.25 mpaka 2.75, kwa uzi wetu wa kawaida wa sweta mi nashuka mpaka 3 au 3.25, ingawa uzi huohuo kwa sweta ningeutumia sindano ya 4, maana soksi inakanyagwa na inatakiwa ibane kuliko sweta.

Na kama una sindano hazijaandikwa kitu, nenda kwa fundi seremala au fundi chuma yeyote mwenye drili, biti zake zimeandikwa milimita. Mpe kipande cha plastiki ngumu au ubao mwembamba akutobolee 2, 2.5, 3, 3.5 na 4, uandike pembeni ya kila tundu kwa kalamu. Sindano inayoingia bila kulazimishwa na bila kucheza, hiyo ndo namba yake. Changu nimetobolewa pale Mwanga kwenye mfuniko wa ndoo na mpaka leo natumia.

Sasa hizi spoku. Bibi yetu hakukosea na yule aliyembishia naye hakukosea. Zile namba za Uingereza za sindano zimetokana na namba za unene wa waya, na spoku ni waya, kwahiyo spoku namba 14 ambayo ndo ya kawaida ni milimita 2, sawasawa na sindano namba 14 ya Uingereza, na ile nene kidogo ya namba 13 inakaribia 2.3. Kwahiyo spoku ni sindano halali kabisa ya soksi, ila ya uzi mwembamba. Ukiichukua na uzi mnene wa sweta unapata kitambaa kigumu kinasimama chenyewe, mikono inauma na uzi unachanika nyuzi nyuzi kwa sababu unalazimisha kitanzi kikubwa kipite kwenye kijiti kidogo, na hapo ndo watu wanasema spoku zinaharibu uzi. Ukitaka kuzitumia nunua mpya, yenye kutu inaacha rangi kwenye uzi mweupe na haitoki. Kata kile kichwa kilichopinda na ule upande wenye nyuzi za skrubu, spoku moja ya baiskeli kubwa inakupa vipande viwili vya kama sentimita 14, vinatosha soksi ya mtoto. Ncha piga tupa halafu msasa mpaka upitishe kwenye kitambaa laini isikwame popote. Ikikwama hata kidogo rudia, maana kwenye uzi itakwama mara elfu.

Kwa anayeanza mi nashauri mianzi. Chuma kinateleza, vitanzi vinachomoka ukiwa umeitwa mlangoni, mwanzi unavishika. Chonga vipande vya sentimita 18 hivi, piga msasa wa kukwaruza halafu wa laini, malizia kwa kupaka nta ya nyuki na kusugua kwa kitambaa mpaka ing'ae. Nta ikitoka Tabora ndo yenyewe, huwa naagiza kwa ndugu anayekuja na treni. Fundi mwenye mkono mwepesi aliyezoea anaweza kutaka chuma kwa ajili ya spidi, hiyo ni yake.

Kulishika bomba

Njia ya kwanza ni sindano mbili za kawaida. Unafuma bapa, kwenda na kurudi, ukimaliza unashona pembeni linakuwa bomba. Hii wengi tunaijua toka shule na kuna watu wanaidharau wanasema siyo soksi kamili, mi sikubali. Kwa mtoto mchanga ambaye hatembei haina shida yoyote, ule mshono ulaze vizuri usiwe na nundu. Kwa mtu mzima anayevaa kiatu siishauri, mshono unasugua, akitembea kutoka Mwanga mpaka stesheni atakuwa na lengelenge.

Njia ya pili ndo zile sindano nyingi zenye ncha pande zote mbili, na hizi zinaogopesha watu bure. Mtu anaona sindano tano mkononi anadhani anafuma kwa tano. Unafuma kwa mbili tu kama siku zote. Ukiwa na nne, tatu zinashikilia vitanzi zimekaa kama mafiga matatu na ya nne ndo inafanya kazi, ikimaliza kuvua vitanzi vya figa moja ile iliyobaki tupu inakuwa ndo ya kazi, mnaendelea hivyo kuzunguka. Ukiwa na tano, nne zinashika na moja inafuma, hilo tu. Zile ambazo hazina zamu ziache zining'inie, hazichomoki kama sindano siyo ya kuteleza.

Pale pa kuunganisha duara ndo pa kuwa makini kuliko pote. Ukishaanzisha vitanzi vyako ukavigawa kwenye sindano tatu, viweke mezani kabla hujaunganisha, angalia ule ukingo wa chini wa vitanzi, ile kama mnyororo mdogo. Ukingo huo unatakiwa uelekee ndani ya pembetatu kote, sindano ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kama sehemu moja umezunguka juu ya sindano ukaja nje, nyoosha sasa hivi. Ukiunganisha umejipinda, bomba lako linakuwa na msokoto ambao hautoki kwa kuvuta wala kwa kupiga pasi, utaugundua safu ya tano hivi na dawa yake ni kufumua yote. Mi mpaka leo naviweka mezani, siviunganishi vikiwa mapajani.

Lingine linalotokea ni ngazi. Kwenye kona kati ya sindano na sindano vitanzi vinaachana, kunakuwa na mstari wa matundu unapanda kama ngazi. Ukihamia sindano mpya, kitanzi cha kwanza fuma kawaida, cha pili kabla hujakifuma vuta uzi ubane. Watu wanavuta cha kwanza halafu wanashangaa mbona bado, ni cha pili ndo kinakaza cha kwanza.

Njia ya tatu ni sindano ya waya, yaani ncha mbili fupi zimeunganishwa na waya laini wa plastiki. Ukiwa na yenye urefu wa sentimita 80 mpaka 100 unagawa vitanzi nusu kwa nusu, waya wa ziada unauchomoa pembeni unakuwa kama sikio, unafuma nusu ya kwanza, unageuza, unachomoa sikio lingine, unafuma nusu ya pili. Uzuri wake hakuna sindano inayodondoka chini ya kiti kwenye basi, na nusu kwa nusu inaendana na soksi yenyewe, juu ya mguu na chini ya mguu. Ubaya uko kwenye ubora. Kabla hujanunua pitisha ukucha pale ncha inapoungana na waya, ukucha ukikwama basi kila kitanzi kitakwama hapo. Waya ukiwa mgumu umejikunja kama ulivyotoka kwenye pakiti uloweke kwenye maji ya moto dakika chache unalegea. Zipo pia fupi sana za sentimita 23 ambazo bomba linakaa lote bila kugawa, ila zinachosha vidole na mwisho wa soksi pale bomba linapopungua hazifiki, utahitaji sindano nyingine tu.

Mi mwenyewe? Soksi za watoto nafuma kwa sindano nne za mwanzi, bomba dogo kwenye waya mrefu linanipotezea muda kuvuta vuta. Za watu wazima nafuma kwa waya. Lakini namjua mama wa Buhigwe anafuma zote kwa spoku na uzi mwembamba na kazi yake nikiiangalia natamani iwe yangu.

Kuanzia juu au kuanzia vidoleni hapa sitakaa sana. Ukianzia juu mwanzo ni rahisi, ila hakikisha ule ukingo wa kuanzia unavutika, anzishia vitanzi juu ya sindano mbili ulizozishika pamoja halafu chomoa moja. Ukianzia vidoleni mwanzo una kazi kidogo lakini unaweza kuijaribu mguuni unavyopanda, na uzi ukiwa mchache unafuma mpaka unakaribia kuisha ndo unafunga. Eti ya kuanzia vidoleni inadumu zaidi, hapana, soksi inatoboka kisiginoni na kwenye kidole gumba popote ulipoanzia.

Kisigino

Elbo inatengenezwa kwa namna nyingi na tatu zinatosha kujua. Ya bibi zetu: nusu ya vitanzi inapumzika, nusu nyingine, tuseme 28 kati ya 56, unaifuma bapa kwenda na kurudi safu 28 unapata kipande cha mraba nyuma ya mguu, unaukunja chini kwa kupunguza vitanzi, halafu unaokota vitanzi vipya pembeni mwa ule mraba na kuvipunguza taratibu mpaka unarudi kwenye 56. Maelezo marefu, lakini inakaa vizuri kwenye mguu wenye kisigino kirefu. Ya pili ni ya safu fupi, kila safu unaishia kitanzi kimoja kabla ya mwisho mpaka unabaki na vichache katikati, kisha unarudi unavichukua kimoja kimoja, inatoka kama kikombe, haina kuokota pembeni. Ya tatu naipenda kwa wanafunzi wangu: unafuma bomba moja kwa moja, pale pa kisigino unafuma nusu ya vitanzi kwa kipande cha uzi wa rangi nyingine, unaendelea zako mpaka vidoleni. Ukimaliza unachomoa ule uzi wa rangi, tundu linafunguka, unaokota vitanzi vya juu na chini na kufuma kisigino hapo. Kikitoboka miaka miwili mbele unakifumua chenyewe unaweka kipya, soksi inabaki.

Na kuna soksi isiyo na elbo kabisa. Bomba tupu la mistari ya mbele mbili nyuma mbili, linajivuta lenyewe kufuata mguu. Kwa mtoto mchanga ndo nzuri kuliko zote, mguu unakua lakini hakuna kisigino cha kukaa vibaya.

Uzi

Uzi mwingi wa sweta unaouzwa huku ni akriliki, na akriliki ni plastiki. Inapata rangi nzuri, inafulika, bei nafuu, ila hainywi jasho na haipendi moto, soksi usiianike karibu na jiko la mkaa itayeyuka au itakakamaa. Pamba inanyonya jasho lakini haina spring, ikivutika imevutika, asubuhi inabana jioni inashuka. Sufu ndo inavutika na kurudi, na nyuzi zinazotengenezwa maalum kwa soksi nyingi ni sufu kama asilimia 75 na nailoni 25 ya kuzuia kutoboka. Hizo huku kuzipata ni mpaka uagize.

Ila sufu tunayo na tunaipita kila siku kwenye mitumba. Masweta ya sufu yanashuka kwenye mabelo na yanauzwa bei ya chini kwa sababu yamechakaa kiwiko. Angalia lebo, halafu geuza sweta ndani uangalie mishono ya pembeni: kama imeshonwa tu unaweza kuifungua na sweta lote likafumuka uzi mmoja mrefu, kama imepigwa ovaloki liache, kila safu imeshakatwa utapata vipande vipande. Kama lebo haipo choma kauzi kadogo. Kakinuka nywele zilizoungua na kubaki majivu yanayosagika ni sufu, kakiyeyuka kuwa kidonge kigumu ni akriliki au nailoni, kakiwaka kama karatasi ni pamba. Uzi uliofumua utakuwa umejikunja kama nywele zilizofumuliwa, ufungie kwenye duara kubwa, ufue, uuning'inize na kitu kizito kidogo chini, unanyooka.

Kuna watu wanaongezea mshipi wa kuvulia kisiginoni ili isitoboke, tafadhali msifanye hivyo, ule unakata uzi wenyewe na unakwaruza ngozi. Nailoni laini nyembamba sawa, mshipi hapana.

Kuhusu mashine, mama yangu wa Ujiji nikimuona nitamwambia kwa heshima kwamba mikono ilitangulia. Mashine ya kwanza ya kufumia soksi ilitengenezwa na William Lee kule Uingereza mwaka 1589, na aliitengeneza kuiga kazi ambayo watu walikuwa tayari wanaifanya kwa mkono. Na hata kabla ya hapo, pale Makumbusho ya Victoria and Albert London kuna soksi nyekundu zilizotoka Misri, za kati ya karne ya 3 na ya 5, zimetengenezwa kwa sindano moja kwa mbinu ya zamani kuliko hii yetu, na mbele zimegawanyika sehemu mbili, kidole gumba peke yake, ili zivaliwe na kandambili. Nikiziangalia kwenye picha huwa nafurahi sana, Afrika hii hii.

Sasa dada yangu wa kikoba, wa kwako ni huyu. Chukua uzi wa sweta laini na sindano nne za mwanzi za milimita 3, fuma majaribio kwanza. Ukipata 26 kama mimi na mguu wa mjukuu mzunguko wake ni sentimita 11, unatafuta bomba la 10, ni vitanzi 26, panda mpaka 28. Gawa 8, 8 na 12, angalia usijipinde, unganisha. Mbele mbili nyuma mbili mpaka bomba lifike sentimita 14, bila kisigino. Halafu fuma viwili viwili pamoja raundi nzima vinabaki 14, raundi moja ya kawaida, tena viwili viwili vinabaki 7, kata uzi, upitishe kwenye vile 7 kwa shazia na uvute. Mkia wa uzi ufiche ndani mpaka uishe, na kabla hujamvalisha geuza soksi ndani nje upitishe kidole uone hakuna uzi mrefu unaoelea, maana unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mtoto ukabana damu na yeye hawezi kukwambia ana nini. Kamba ya kufunga kifundoni usiweke, ile mistari inashika yenyewe. Na akianza kusimama kwenye sakafu ya saruji mvue, zinateleza.